Sakafu ya Nyar Seme

Vijana wangu wa karakana, najua mnanicheka. Kila kitanda kinapokamilika, kabla hakijapakiwa kwenye mkokoteni, fundi aliyekitengeneza lazima apande, alale chali, ageuke huku na huku, kisha aamke na kusema, "Kiko sawa." Wateja husimama pale wakidhani tumechoka. Mmeniuliza mara nyingi sheria hiyo ilitoka wapi, nami nimekuwa nikiwajibu kwamba kazi bado ni nyingi, shikeni randa. Sasa nimestaafu na sina kisingizio tena. Mgongo wangu pia umeniomba nitafute kazi ya kukaa, na hii ya kuandika inaufaa.

Mimi nilianza na msasa. Sikuja mjini kuwa fundi. Nilikuwa nikipita mtaa wa Ayany, Kibera, kutafuta nguo za kufua, mvua ikanikuta karibu na njia inayoshuka kuelekea Soko la Toi, nikajibanza chini ya turubai la mtu. Mwenye turubai alikuwa mwanamume mrefu mwenye penseli nyuma ya sikio. Hakuniuliza jina. Alinitupia kipande cha msasa na mguu wa kiti.

"Kama unajikinga mvua bure," alisema, "si usaidie kidogo?"

Nilisugua mguu ule mpaka mvua ikakatika. Akaupitisha kidole gumba, akaunusa, sijui kwa nini aliunusa, kisha akasema, "Kesho rudi." Nikarudi. Wiki ile yote sikuona kiti kizima, niliona miguu tu, na nikaanza kuota miguu. Huyo ndiye fundi Okumu, ambaye nyinyi mnamjua kama picha iliyobandikwa juu ya kabati la misumari.

Okumu alikuwa na mikono miwili ya ajabu na mdomo mmoja wa ajabu zaidi. Mikono ilifanya kazi polepole bila kurudia. Alinifundisha kunoa patasi mpaka inyoe nywele za mkono, na kugonga ubao kwa kifundo cha kidole ili nisikie kama umeoza ndani. Alinifundisha pia kwamba msumeno haulazimishwi. Ukiona unasukuma sana, jua meno yamelala. Lakini somo lake kubwa lilikuwa moja, alilirudia mpaka likanikaa kama jina langu: "Nafula, kabla hujapiga msumari, jiulize utautoaje."

Somo hilo lilikuwa na historia yake. Kuna mteja wetu mmoja wa Kibera aliyetaka kitanda kikubwa kuliko mlango wake. Tukakijengea ndani ya chumba, tukakipiga misumari, tukapewa chai, tukaondoka tukijipongeza. Mteja alipohama, kitanda kikakataa kuhama naye. Alikuja karakana akiwa amekasirika kama nyuki, na ikabidi twende na msumeno tukikate katikati, mpangaji mpya akiwa amesimama nje na godoro kichwani. Tangu siku hiyo vitanda vyetu vyote ni vya bolti.

Sasa mdomo. Okumu hakuwa fundi wa stuli, kwa maneno yake mwenyewe. Alikuwa fundi wa boti. Alisema alizaliwa karibu na ziwa na kulelewa ndani ya harufu ya lami na samaki, na kwamba Nairobi ilimpotezea kipaji. Mteja akilalamika kwamba droo inakwama, Okumu alisimama wima: "Mama, mtu ametengeneza boti ikavuka ziwa na dhoruba, watu kumi ndani, atashindwa na droo?" Mama alinyamaza. Droo iliendelea kukwama. Miaka ilivyozidi kwenda ndivyo ile boti ilivyozidi kukua. Ikaanza kubeba watu ishirini, kisha ng'ombe, na kuna mwaka ilibeba bibi harusi na kabati lake. Mimi natoka Magharibi, kwetu maji ni mto wa kuvuka kwa kukunja suruali, kwa hiyo sikuwa na la kusema. Niliamini. Mtaa wote uliamini.

Kisha akaja Mama Atieno.

Mama Atieno aliuza samaki wa kukaanga na omena, wale dagaa wa ziwani, pale Toi, na kila mtu wa upande ule alijua sauti yake kabla ya kujua sura yake. Siku hiyo alikuja bila sauti. Alikaa kwenye kigogo, akafunga leso yake vizuri, akasema amempata Nyar Seme.

Ilikuwa hivi. Alikuwa amepeleka samaki Kawangware kwa mwenye hoteli mmoja. Nyuma ya hoteli, kati ya masufuria, akaona boti nzee imelala chini, kuku wametaga ndani. Mwenye hoteli aliileta kutoka ziwani kwa lori ili wateja wakae ndani wakila samaki, wapige picha. Wateja walikaa, maji ya kuoshea vyombo yakamwagwa humo, sakafu ikaoza, na siku moja mguu wa meza ukatoboa ukaingia chini pamoja na samaki wa mtu. Ikatupwa nyuma. Mama Atieno alipapasa ubavuni, akaona maandishi yaliyofifia: Nyar Seme, yaani kwa Kijaluo binti wa kutoka Seme. Hilo lilikuwa jina la sifa la mama yake mzazi. Boti ilikuwa ya baba yake.

"Mzee aliiuza nikiingia form one," alituambia. "Hakuwa na kitu ingine. Na watu wakimuuliza, boti yako iko wapi, anajibu, imeenda shule."

Okumu alicheka. Mimi pia. Mama Atieno naye alicheka kidogo, kisha akapangusa macho.

"Sasa mzee ni mgonjwa. Nimempigia simu jana nikamwambia nimeiona. Unajua amesema nini? Amesema, ambia Nyar Seme shule zimefungwa, arudi nyumbani." Akamgeukia Okumu. "Mwenye hoteli amesema niitoe tu, inamjazia pahali. Dereva wa lori ya omena amekubali kuirudisha, huwa anarudi ziwani karibu mtupu. Lakini hiyo sakafu imeisha. Na si ati ni ya kukalisha watu wa picha, ndugu zangu wataingia nayo majini. Ndio nikasema, Mungu si mjinga, aliniweka karibu na fundi wa boti."

Nilimtazama Okumu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, penseli ilimdondoka kutoka sikioni.

Boti ililetwa kwa mkokoteni mkubwa, watu wakisukuma na wengine wakitoa maelekezo bure. Tuliiweka juu ya magogo mbele ya karakana. Tulipoanza kung'oa sakafu nilimwona Okumu akizunguka kila mara, akishika hapa, akikohoa pale, akisema "Mhm" kama daktari. Chini ya mbao zilizooza tukakuta matope, mifupa ya samaki, kijiko na mayai mawili. Mataruma, yaani zile mbavu za boti zinazobeba sakafu, mengi yalikuwa bado mazima, ila matatu yalibonyea kama mkate. Tukayabadilisha. Nyufa za chini tukazijaza pamba kwa patasi butu, kisha lami juu yake. Kazi nzuri, na Okumu akaanza kurudiwa na mdomo.

Halafu tukaweka sakafu. Vijana, ile sakafu ilikuwa nzuri! Mbao za mahogani kavu, zimepigwa randa mpaka zinang'aa, zimebanana ukingo kwa ukingo, huwezi kupitisha hata wembe. Tukapigilia misumari kila taruma, tukazamisha vichwa, tukapaka vanishi. Watu wa Ayany walisimama kuangalia. Mwanamke mmoja aliuliza kama tunaweza kumtengenezea meza ya namna hiyo. Okumu alivua viatu kabla ya kuingia ndani, akatuamuru sote tuvue.

Mama Atieno alikuja jioni kuona. Alizunguka boti mara moja, akainama, akagonga sakafu, akatafuta kitu kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Okumu," alisema polepole, "maji yakiingia, tutayachota kupitia wapi?"

Okumu aliangalia sakafu. Mimi niliangalia sakafu. Kila msumari tuliokuwa tumeupiga ulianza kunitazama.

"Kupitia... kando," alisema Okumu.

"Kando gani?"

Mama Atieno alimtazama kwa muda, na hapo nikaona kwamba ameelewa kila kitu: watu kumi, ng'ombe, bibi harusi, vyote. Mtoto wa ziwa hawezi kusahau kwamba boti huvuja, na kwamba ubao mmoja wa sakafu huachwa huru ili uinuliwe, maji yachotwe. Angeweza kupiga kelele pale pale, na mdomo wake ulivyo, habari ingefika Toi kabla hajafika yeye. Badala yake alisema, "Labda tuijaribu na maji kwanza. Baba alikuwa anaijaza ndani. Isipovuja kwenda nje, haitavuja kuingia." Kisha akaenda zake.

Tulipobaki wawili, Okumu alikaa kwenye kigogo.

"Nafula," alisema, "kwetu ni mlimani. Ziwa tunaliona kwa mbali. Likiwa na ukungu hata hatulioni."

"Na zile boti?"

"Nilipanda moja nikiwa mdogo. Nikatapika. Wakanirudisha."

Ningecheka, lakini alikuwa amejiinamia sana. Hakuogopa kuchekwa na mtaa, hilo angelimeza. Aliogopa watu kuzama kwa ajili ya hadithi zake. "Mzee wa watu anangoja hiyo boti," alisema. "Na mimi nimewatengenezea meza."

Nikamwambia tuijaze maji kama Mama Atieno alivyosema, tuone. Asubuhi tukawaita wauza maji. Mnajua maji ya Kibera, hununuliwa kwa mtungi na kubebwa kwa heshima kama maziwa. Sasa fikirieni wauza maji wanapoitwa wamwage mitungi ndani ya boti, mtaani ambako hakuna hata bwawa la bata. Mmoja aliuliza, "Fundi, hii gari mnaosha inaitwaje?" Mwingine alikataa kumwaga mpaka tumwambie tunamdanganya nani. Maji yalipofika juu ya sakafu, foleni ilikuwa imeshajipanga. Akina mama walikuwa na mitungi mitupu, wakituuliza kwa upole maji ya boti ni ngapi. Nilijaribu kueleza. Mmoja aliniambia, "Dada, sisi hatutaki maelezo, mfereji uko upande gani?"

Chini boti ilitoa matone, kisha ikaacha kabisa. Pamba na lami zilikuwa zimeshika. Lakini ndani, sakafu yetu nzuri ilianza kufura. Mbao kavu zilikunywa maji zikanenepa, na kwa kuwa tulizibana hazikuwa na pa kwenda ila juu. Kufikia siku ya pili sakafu ilikuwa na tumbo, na misumari ikawa inachomoka mmoja mmoja kwa mlio, ping, ping. Mama Atieno alikuja akakuta mahogani yetu imeinuka katikati kama ugali unaochemka. Alikaa chini akacheka mpaka leso ikamfunguka, na Okumu naye akaanza kucheka, huku machozi yakimtoka. Sijui yalikuwa machozi ya aina gani.

"Lori inaondoka Jumamosi," Mama Atieno alisema alipopata pumzi. "Ngoja nimpigie mzee."

Ndivyo Okumu alivyojifunza kutengeneza boti: kwa simu, kutoka kwa mzee mgonjwa aliyelala kitandani upande wa pili wa nchi. Mama Atieno alielekeza kamera kwenye sakafu yetu. Sauti ya mzee ikauliza, "Huyo ni fundi wa boti ama wa meza?"

"Wa vitanda, mzee," Okumu akajibu. Hakuna aliyemlazimisha.

"Sawa. Kitanda ukikipiga misumari yote, utakitoaje kwa nyumba?"

Okumu akanitazama. Somo lake mwenyewe lilikuwa limemrudia kupitia simu ya mwanamke wa samaki. Kuanzia hapo alisikiliza tu. Mzee alieleza kwamba mbao zikae na nafasi ya ukucha kati yao, kwamba vanishi ikilowa huteleza, itavunja watu miguu, na kwamba ubao wa tatu nyuma ya kiti cha kati uachwe huru, uwe na tundu la kuingiza vidole viwili. Okumu alipima tundu lile kwa vidole vyake mwenyewe. Tulifanya kazi mpaka tukamaliza, na safari hii hakuna aliyetaka meza ya namna ile.

Kabla ya kukata simu mara ya mwisho, mzee alisema, "Na huyo fundi aje. Kwetu, aliyeweka sakafu ndiye anaingia wa kwanza. Akikataa, boti haishuki."

Siku zilizofuata Okumu aliugua kila kitu. Mgongo, jino, kisha kifo cha shangazi ambaye tulishamzika mwaka wa nyuma. Mama Atieno alimsikiliza kwa huruma nyingi na kumwambia lori litampitia kwake nyumbani. Jumamosi alipanda, akanivuta na mimi, akidai nimeweka taruma moja kwa hiyo tuzame wote.

Ufuoni mzee alikuwa ametolewa kitandani, amekalishwa kwenye kiti cha plastiki karibu kabisa na maji, miguu ikilowa. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Boti iliposhushwa aliomba aletewe karibu, akaweka kiganja juu ya lile jina tulilokuwa tumelipaka rangi upya, akakaa hivyo. Mama Atieno alisimama nyuma yake. Hakuna aliyewaharakisha.

Kisha akasema, "Fundi."

Okumu alivua viatu. Aliingia kama mtu anayeingia kwenye nyumba ya mkwe, akaketi katikati, akashika kiti kwa mikono yote miwili. Nikaingia nyuma yake. Vijana wa bichi wakatusukuma, na ziwa likatupokea likatuyumbisha. Uso wa Okumu ulikuwa wa rangi ya jivu. Tulipokuwa mbali kidogo na ufuo nilisikia maji chini ya miguu yangu. Mbao zilikuwa zimekauka tena njiani, na boti kavu huvuja kwanza kabla haijanenepa. Mzee alikuwa ametuambia hivyo. Lakini kuambiwa ni kitu kimoja, na maji kuonekana kati ya mbao ni kingine.

"Nafula," Okumu alisema bila kufungua meno, "yanaingia."

"Yachote basi."

Nilidhani hataachia kile kiti. Aliachia mkono mmoja, kisha mwingine. Akapiga magoti, akaingiza vidole viwili kwenye tundu lile, akainua ubao wake. Ulitoka bila kusumbua. Akashika mtungi uliokatwa, akachota, akamwaga nje, akachota tena. Alichota kama mtu anayezima moto. Baada ya muda alipunguza mwendo, akachungulia chini ya sakafu, akasubiri. Maji hayakuwa yanaongezeka. Aliweka ubao mahali pake, akaupiga kofi dogo, kisha akasimama. Alisimama, wenzangu, katikati ya boti, ndani ya ziwa, kwa miguu mitupu, na hakutapika.

Ufuoni watu walipiga vigelegele. Tuliporudi mzee alimwita karibu.

"Umejifunzia wapi boti?"

Watu walikuwa wengi, masikio yote wazi, na Okumu niliyemjua mimi angeanza na dhoruba akamaliza na bibi harusi.

"Kibera, mzee," alisema. "Na hii ndiyo ya kwanza."

Mzee alimshika mkono, hakuuachia mpaka chakula kilipoletwa.

Nyar Seme bado yuko majini. Mama Atieno hunitumia picha, na mara moja moja samaki wanaofika na lori la omena wametoka ndani yake. Mzee alikula wa kwanza wao, na wengine kadhaa, kabla ya kuaga dunia. Okumu tangu siku ile hakuwahi kutaja boti tena karakana. Mteja akilalamika kuhusu droo, aliitoa, akaipiga randa, akairudisha. Mtaa ulishangaa. Wengine walidhani ameokoka.

Na kitanda cha kwanza kilichokamilika baada ya kurudi, alikipanda yeye mwenyewe, akalala chali, akageuka huku na huku mwenye kitanda akimwangalia. Aliamka akasema, "Kiko sawa." Hakueleza, nasi hatukuuliza, tukaanza kupanda vya kwetu.

Juzi nilimpigia simu huko mlimani kwao, kumwomba ruhusa ya kuandika haya. Alifikiri, nikasikia kuku nyuma yake.

"Andika," alisema, "lakini usiandike kwamba niliogopa."

Nikamwambia siwezi kuondoa hilo, Fundi, sakafu yote ya hadithi hii imesimama juu yake.